Dishi la intaneti kwenye nguzo kando ya trela: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa intaneti za setilaiti hapa Uganda. Wateja wangu wengi hawana nyumba ya matofali pale wanapoihitaji intaneti. Wana trela. Wapo wanaozunguka Afrika Mashariki wakivuta trela ya kulala nyuma ya gari, wapo wauguzi wa kliniki zinazohama, wapo wasimamizi wa kambi za barabara wanaolala wiki tatu hapa na mwezi mzima kule. Wananipigia simu kutoka Kasese, Moroto na Kalangala, na maswali yao yanafanana sana. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa ninapopata nafasi ya kueleza vizuri.

Nguzo niifunge kwenye trela yenyewe, au niisimamishe chini pembeni yake?

Isimamishe chini, iwe na miguu yake yenyewe. Ukiyasahau mengine yote kwenye ukurasa huu, hili libaki.

Nilijifunza kwa kukosea. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga dishi la VSAT, yaani lile la mviringo linalolengwa kwa mkono kwenye setilaiti moja, la mita 1.2 kwenye ngazi ya nyuma ya trela ya kliniki, upande wa Kaabong. Niliweka yubolti nne, nikalenga, netiweki ikaja vizuri, nikaondoka nimeridhika. Jioni ile ile nikapigiwa simu kwamba imekatika. Asubuhi ikarudi yenyewe. Jioni ya pili ikakatika tena. Nikarudi, nikakaa pale siku nzima nikitazama taa za modemu. Ilipofika saa kumi na mbili jioni wauguzi watano waliingia ndani kula, wakaketi wote upande wa meza, na taa ikaanza kupepesa. Nikatoka nje nikaning'iniza nati kwenye uzi kando ya bomba la dishi, nione kama bado liko wima. Kule chini, uzi ulikuwa umeachana na bomba kwa upana wa kidole.

Hesabu yake si ngumu. Trela ina upana wa kama mita 2. Springi za upande mmoja zikizama sentimita 2 tu, trela nzima imeinama zaidi ya nusu digrii, na dishi lililofungwa juu yake limeinama nalo. Dishi la mita 1.2 kwenye masafa ya juu yanayoitwa Ku lina mwale mwembamba, kama digrii moja na robo kwa upana wake wote, na setilaiti unayoilenga iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kukosea nusu digrii kunakupotezea zaidi ya theluthi ya nguvu ya mawimbi. Sahani tano za posho na maharage zilitosha kukata netiweki.

Dishi lile nililihamishia kwenye nguzo mita moja na nusu kutoka kwenye trela, ndani ya shimo lililomiminwa zege. Simu za jioni zikaisha.

Dishi langu ni lile bapa linalojitafutia setilaiti lenyewe. Bado nisifunge kwenye trela?

Hapo kosa lina nafuu. Setilaiti za Starlink, kwa mfano, ziko chini sana, kati ya kilomita 480 na 570 hivi, na dishi lake huelekeza mwale kwa umeme bila kugeuka. Trela ikitikiswa na mtu anayepanda ngazi, dishi halitajali. Kwa kulala usiku mmoja na kuondoka asubuhi, klampu kwenye ngazi ya nyuma au kwenye chuma cha kukokotea inatosha.

Lakini kwa kambi ya siku nyingi bado nakushauri nguzo ya pembeni, kwa sababu moja ambayo watu huiona wakishaungua na jua. Wewe unataka kivuli, dishi linataka anga. Ukifunga dishi kwenye trela, mmoja wenu lazima aumie: ama trela iegeshwe juani na ndani pawe kama tanuri kufikia saa saba, ama dishi likae chini ya mwembe na netiweki ikatike kila baada ya dakika chache. Nguzo inayojitegemea na waya wa mita 15 vinawatenganisha. Trela chini ya mti, dishi uwanjani.

Tena kuna suala la paa. Kila tundu unalotoboa kwenye paa la trela ni mlango wa maji, na mvua za hapa hazisamehe. Nimekwisha kung'oa mbao za dari zilizooza kwa ajili ya skrubu nne tu.

Nguzo iwe na urefu gani?

Fupi kuliko unavyofikiri. Kila mteja mpya huniomba mita 5 au 6, kwa sababu tumezoea antena za televisheni za zamani ambazo kila ukizipandisha picha inatulia. Intaneti ya setilaiti haitoki kwenye mnara ulio ng'ambo ya kilima. Inatoka juu. Hapa kinachotakiwa ni uwazi, na kimo husaidia kidogo tu.

Tuchukue mti wa mita 12 na dishi bapa lenye upeo wa kuona wa digrii 110. Dishi hilo linataka kila kitu kilicho juu ya digrii 35 kutoka usawa wa ardhi kiwe wazi. Likiwa kwenye nguzo ya mita 2, ncha ya mti iko mita 10 juu yake, kwa hiyo unapaswa kuwa mbali na mti kiasi cha mita 14. Ukirefusha nguzo ikawa mita 4, unaweza kusogea hadi mita 11 na nusu. Yaani umenunua bomba mara mbili, umeongeza mzigo wa upepo mara mbili, na umeokoa hatua tatu nne za kutembea. Si bora usogeze nguzo hatua hizo?

Kwa kawaida naweka mita 2 hadi 2.5, ili mtu mrefu au ng'ombe asizibe dishi na watoto wasilifikie. Kabla ya kuchimba chochote, simama pale na simu, fungua programu ya dishi yako, piga picha ya anga kama inavyokuelekeza, usubiri ikuonyeshe vizuizi. Fanya hivyo sehemu tatu tofauti za uwanja. Dakika kumi hizo huokoa siku nzima.

Ninunue bomba gani?

Bomba la chuma lililopakwa zinki. Kwa dishi dogo bapa, inchi moja na nusu inatosha. Kwa dishi la mita 1.2, anzia inchi mbili na nusu, tena la ukuta mnene.

Angalia hapa, maana ndipo watu hupoteza safari ya pili ya boda boda: inchi zinazotajwa dukani si kipimo cha nje. Bomba linaloitwa la inchi moja na nusu lina kipenyo cha nje cha karibu milimita 48, na la inchi mbili ni kama milimita 60. Kishikio cha dishi kinajali kipenyo cha nje. Nenda dukani na kishikio chenyewe mkononi, kijaribu kwenye bomba kabla ya kulipa. Wachomeleaji wa Katwe hapa Kampala watakukatia, watakuchomelea kitako na kukuzibia mdomo wa juu siku hiyo hiyo ukiwachorea vizuri. Usisahau kuwaambia wazibe huo mdomo. Bomba lililo wazi juu hujaa maji na nyigu.

Mianzi na miti ya mikaratusi? Kwa wiki moja, sawa. Kwa msimu mzima hapana: mti mbichi hujipinda unapokauka, na mchwa wa huku hawachelewi.

Kambini haturuhusiwi kuchimba. Nisimamisheje nguzo?

Zipo njia tatu ninazozitumia, na ninazipenda kwa viwango tofauti.

Ninayoipenda zaidi ni bamba la kukanyagwa na gurudumu. Unachukua bamba la chuma la milimita 8, upana kama sentimita 30 na urefu kama 60, unachomelea kipande cha bomba cha wima kwenye ncha moja. Unaliweka chini, unarudisha trela mpaka gurudumu lipande juu ya bamba, unaweka vigingi vya kuzuia magurudumu, kisha unachomeka nguzo kwenye kile kipande na kukaza bolti mbili. Uzito wa trela ndio unaoshikilia kila kitu. Na hapa ndipo uzuri ulipo: springi ziko juu ya gurudumu, bamba liko chini yake. Watu wakitembea ndani, mwili wa trela unacheza, bamba halichezi. Kasoro yake ni kwamba dishi linabaki jirani na trela, kwa hiyo kama trela iko kivulini njia hii haikufai.

Ya pili ni tairi kuukuu lililojazwa zege na bomba katikati, kama zile nguzo za voliboli mashuleni. Ni rahisi, na kila kijiji kina mtu anayejua kuitengeneza. Lakini watu huiamini kupita kiasi. Tuseme kitako chako kina kilo 60 na nusu kipenyo cha sentimita 30. Dishi dogo la sentimita 60 kwa 40 likikabili upepo wa kilomita 72 kwa saa husukumwa kwa nguvu ya kama kilo 7. Kwenye nguzo ya mita 2.5 nguvu hiyo inalingana karibu sawasawa na uzito unaoizuia isianguke. Yaani upepo ukizidi kidogo tu, kinalala. Kwa hiyo punguza nguzo iwe mita moja na nusu, au ongeza kamba.

Ya tatu ni stendi ya miguu mitatu inayofunguka, iliyofungwa mzigo katikati. Jerikani ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, na hakuna mahali Uganda utakapokosa jerikani. Ning'iniza mbili chini ya kichwa cha stendi hiyo. Ukihama unamwaga maji, umeokoa kilo 40 za mzigo. Asubuhi hakikisha bado zimejaa. Kambini maji ni mali, na nimewahi kukuta zimepelekwa jikoni usiku.

Na kama naruhusiwa kuchimba?

Chimba sentimita 75 hadi 90 kwa nguzo ya mita 3 hivi. Weka kokoto chini maji yapite, mimina zege, na uache uso wa zege uwe mlima mdogo ili maji yasituame kwenye shina la bomba. Kwenye moramu, ule udongo mgumu mwekundu wa barabarani, hiyo inatosha kabisa. Kwenye udongo mweusi wa Karamoja mambo ni mengine: udongo ule huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nguzo iliyosimama wima mwezi wa Februari utaikuta imeinama mwezi wa Mei. Kule nachimba shimo pana zaidi, nazungushia moramu iliyoshindiliwa, kisha narudi kupima baada ya mvua za kwanza.

Kamba za kukaza ni za lazima?

Kwa dishi la mita 1.2, ndiyo, isipokuwa nguzo iko kwenye zege zito. Dishi la ukubwa huo kwenye upepo wa kilomita 72 kwa saa husukumwa kwa kama kilo 35. Kwenye urefu wa mita 3 ni sawa na mtu mzito wa kilo mia na zaidi kuning'inia kwenye ncha ya mkono wa mita moja na kuivuta nguzo yako. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne.

Kamba tatu zinatosha, zikiwa zimegawana duara sawasawa. Usitumie katani: ikilowa inajikaza, ikikauka inalegea, na nguzo inafuata. Nailoni nayo hunyooka ikilowa. Waya wa chuma au kamba ya poliesta ndiyo inayotulia.

Funga vitambaa vyeupe kwenye kila kamba, kimo cha goti na kimo cha kifua. Watu huamka usiku kwenda msalani. Na kama umepiga kambi kando ya maji, Mweya au ukingoni mwa Nile kule Murchison, kumbuka viboko hutoka usiku kula majani na hupita wanapotaka. Sehemu kama hizo siweki kamba kabisa. Natumia bamba la gurudumu na nguzo fupi, upande wa trela usioelekea majini.

Mbona madishi ya huku yanatazama juu kama karai? Ya kwenye video yanatazama pembeni.

Kwa sababu tunaishi kwenye ikweta. Setilaiti zile za mbali, zinazoonekana kusimama mahali pamoja, zimepangwa kwenye mkanda ulio juu ya ikweta kabisa. Mtu aliye London anautazama mkanda huo ukiwa chini upande wa kusini. Sisi unapita juu ya vichwa vyetu, kutoka mashariki hadi magharibi. Ukisimama pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, penye ule mduara wa ikweta ambapo kila mgeni hupiga picha, mkanda uko juu ya utosi wako.

Kampala iko karibu na longitudo 32.6 mashariki. Setilaiti iliyoko digrii 36 mashariki inaonekana kutoka hapo kwenye mwinuko wa digrii 86, yaani karibu wima. Ndiyo maana dishi linatazama mbinguni. Kwa mwenye trela hii ni baraka, kwa sababu miti ya pembeni na vilima havikusumbui kama vinavyosumbua watu wa nchi za mbali. Lakini ina matokeo mawili. Tawi lililo juu yako moja kwa moja ndilo adui, hata kama pembeni pote ni peupe. Na dishi linakinga maji ya mvua. Hakikisha tundu la kutolea maji upande wa chini halijaziba kwa majani, na kama dishi ni bapa, liache na mwinamo kidogo maji yateremke.

Nalengaje dishi la VSAT bila fundi?

Anza na nguzo, dishi baadaye. Nguzo ikiwa haiko wima, namba zote zilizochorwa kwenye kishikio cha dishi ni uongo, na utageuza mpaka jua lizame. Pima kwa timazi: uzi na nati vinatosha. Pima upande mmoja, kisha zunguka robo duara upime tena. Watu wengi hupima upande mmoja tu.

Halafu weka pembe ya mwinuko uliyopewa na kampuni inayokuuzia huduma, na ndipo uzungushe dishi polepole kuelekea mashariki au magharibi. Dira ya simu isome ukiwa umesimama hatua kadhaa mbali na nguzo na trela, maana chuma huipotosha. Zungusha kidogo, subiri, soma kiwango cha mawimbi, zungusha tena. Ukikipata kilele, kipite kidogo kisha urudi, ili uhakikishe ndicho kilele. Kaza bolti kwa zamu, kila moja robo mzunguko. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, itavuta dishi na kuliondoa pale ulipoliacha.

Je, nguzo itaniletea radi?

Swali hili naomba ulisome taratibu. Tunaishi katika mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Tororo ilirekodi wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka kati ya mwaka 1967 na 1976. Novemba 2024, watu 14 waliuawa na radi moja kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo, wakiwa kwenye ibada. Radi hapa si jambo la kusikia kwa mbali.

Nguzo ya mita 2 iliyo jirani na miti ya mita 15 haiiti radi kuliko miti yenyewe. Katikati ya uwanda wa nyasi wa Kidepo, ambako trela yako ndiyo kitu kirefu kuliko vyote, hali ni tofauti. Lakini hata radi isipopiga nguzo, ikipiga jirani inaingiza umeme kwenye waya, na waya huo unaishia kwenye ruta iliyo karibu na kitanda chako.

Kwa hiyo weka ethi. Fimbo ya shaba ya mita 1.2 igongwe yote ardhini kwenye shina la nguzo, iungwe na nguzo kwa waya wa shaba wa milimita mraba 16, mfupi na ulionyooka bila kona kali. Kisha, na hapa wengi huishia njiani, unganisha ethi hiyo na fremu ya trela na ethi ya umeme unaoingia kwenye trela. Trela imekaa juu ya mipira, haina ethi yake. Ukiacha ethi mbili zisizounganishwa, radi ikipiga karibu zitakuwa na volti tofauti, na njia ya kuzisawazisha itakuwa waya wako wa intaneti. Kiangazi, mwagia maji penye fimbo.

Ethi haizuii kipigo cha moja kwa moja kisiue vifaa. Ukisikia ngurumo, hata kwa mbali, chomoa waya wa dishi na waya wa umeme mapema. Usingoje dhoruba ifike ndipo uushike waya. Usiende kushusha dishi. Ingia ndani ya gari la bodi ya chuma, funga madirisha, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Trela yenye kuta za mbao au faiba haikukingi kama gari linavyokukinga.

Kuna nyaya za umeme juu ya uwanja. Niweke nguzo umbali gani?

Mbali kiasi kwamba nguzo ikianguka upande wowote, pamoja na dishi lake, isifike karibu na waya. Nyaya za kilovolti 11 na 33 zinazopita vijijini hazina ganda la mpira. Hatari kubwa zaidi ni pale unaposimamisha bomba: watu wawili wanaliinua, macho yako chini kwenye shimo, ncha iko juu inatafuta waya. Kama uwanja una nyaya, tafuta upande mwingine au uwanja mwingine. Nguzo ikishagusa waya, usiishike na usimwache mtu aisogelee. Wapigie UEDCL, shirika la kusambaza umeme, wakate umeme kwanza.

Betri yangu itabeba intaneti usiku mzima?

Dishi bapa la kawaida hula kati ya wati 50 na 100, na yale madogo ya kubeba begani ni wati 25 hadi 40. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Kwa wati 75 utapata saa nane, ukizima taa na friji. Betri ya lithiamu ya ukubwa huo huo itakupa saa kumi na mbili na zaidi. Inveta nayo hula chake, kwa hiyo kama dishi lako linakubali kulishwa volti za betri moja kwa moja, fanya hivyo. Wengi husahau njia rahisi kuliko zote: kuzima dishi unapolala.

Waya upite wapi?

Ushuke ndani ya nguzo au ufungwe kwa nje kila sentimita 30. Kabla haujaingia ndani ya trela, uache uning'inie chini kama tumbo, kisha upande kuelekea tundu. Maji yanayofuata waya yatadondokea kwenye tumbo hilo na hayataingia ndani.

Sehemu inayopita ardhini, ipitishe ndani ya bomba la plastiki la mafundi umeme, hata kama ni mita nne tu. Panya hutafuna, mbuzi hutafuna, na nyani wa njia ya Masindi huvuta kila kinachoning'inia ili waone kimefungwa wapi. Usiunge waya wa dishi kwa kusokota na kuzungushia utepe wa plastiki unaonata. Waya huo umebeba umeme pamoja na intaneti, na kiungo kibovu hujifanya kizuri mpaka siku ya mvua.

Mvua ikinyesha netiweki inakatika. Nipandishe nguzo?

Hapana. Matone ya mvua hunyonya mawimbi ya masafa haya, na mita mbili za bomba hazikupitishi juu ya wingu. Mvua nzito ikipungua netiweki inarudi. Isiporudi, fungua kiungo cha waya utafute maji.

Mbona mwezi wa Machi na Septemba inakatika dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, na anga ni jeupe?

Ni jua. Kwenye siku za karibu na Machi 21 na Septemba 23, jua hupita juu ya ikweta, nyuma kabisa ya zile setilaiti zinazosimama mahali pamoja, na kelele zake hufunika mawimbi. Setilaiti iliyo mashariki yako hukatika asubuhi, iliyo juu ya kichwa karibu saa saba mchana. Huna cha kurekebisha. Usiguse dishi! Kila mwaka kuna anayelilegeza akitafuta kosa ambalo halipo.

Ninahitaji ruhusa?

Vifaa vya mawasiliano na watoa huduma viko chini ya Tume ya Mawasiliano Uganda, UCC. Uliza kabla ya kununua kama huduma unayoitaka ina leseni ya hapa na kama kifaa kimekubaliwa. Starlink ilianza kuuza huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, na watu wengi walidhani dishi lililosajiliwa Nairobi ni halali popote. Mwanzoni mwa Januari 2026 lilizimwa ndani ya Uganda, kwa kuwa huduma hiyo haikuwa na leseni ya huku. Ukija na trela kupitia Busia au Malaba, litaje dishi forodhani na uulize masharti ya siku hiyo.

Ndani ya hifadhi, mwone mhifadhi wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kabla ya kusimamisha chochote. Usichimbe, usikate tawi, usifunge kamba kwenye mti bila kukubaliwa. Kwenye shamba la mtu, mwombe mwenye ardhi mwenyewe, ana kwa ana, hata kama mlinzi amekwambia hakuna tatizo.

Siku ya kuhama nianze na nini?

Dishi kwanza, kabla hujakunja hata kiti. Zima, chomoa, subiri lipoe, lishushe mkiwa wawili: mmoja ashike dishi, mwingine alegeze bolti. Chora alama ya rangi kwenye bomba na kwenye kishikio, ili kituo kinachofuata usianze upya. Bolti na nati zirudishe kwenye matundu yake na uzikaze kwa vidole, usiziweke mfukoni. Nguzo ilaze juu ya trela kwa mikanda miwili, usiache ncha yake ikitokeza nyuma bila kitambaa chekundu.

Kisha rudi pale ilipokuwa nguzo ukazibe shimo. Ng'ombe wa mwenye shamba watapita hapo jioni.